Maji, Mafuta ya Taa au Hospitali Moja kwa Moja? Njia za Kumsaidia Aliyeng'atwa na Mnyama, Ubavu kwa Ubavu

Mtoto wa kaka yangu aling'atwa na mbwa Kinyerezi, Dar es Salaam, saa 11 jioni, akitoka gengeni kununua mkaa. Meno mawili yalizama kwenye shavu la mguu wa kulia. Kabla sijafika pale, watu wanne walikuwa wameshaleta dawa nne. Mama wa genge alikuwa na chumvi na ndimu. Kijana wa bodaboda alikuwa na petroli kidogo kwenye chupa. Bibi mmoja, kwa huruma ya kweli kabisa, alitaka tukate manyoya ya mbwa yule yule, tuyachome, tupake jivu lake. Dereva wa bajaji akasema tuache yote hayo, maji ni kupoteza muda, tupakie mtoto twende hospitali.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, na sanduku la huduma ya kwanza la shule liko mikononi mwangu mwaka wa 11 sasa. Siku ile nilifanya nusu sahihi na nusu makosa. Nilimwagia makopo mawili ya maji, nikapaka spiriti, nikafunga kwa kanga kwa nguvu, tukaondoka. Kituo tulichofika kwanza walimchoma sindano ya pepopunda, wakatuambia, "Mkiona dalili, mrudi." Nikarudi nyumbani nimeridhika. Usiku nilimpigia rafiki yangu ambaye ni muuguzi, nikamsimulia. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Dada, dalili za kichaa cha mbwa zikishaonekana, hakuna mtakachokuja kufuata hospitali. Mpeleke kesho alfajiri."

Tulimpeleka. Yuko darasa la sita leo. Lakini sentensi ile, "mkiona dalili, mrudi", sijaisahau, kwa sababu kwa magonjwa mengi ni ushauri mzuri na kwa huu ni hukumu ya kifo. Kichaa cha mbwa kikianza kuonyesha dalili, karibu kila mgonjwa hufa. Shirika la Afya Duniani linakadiria vifo 59,000 kwa mwaka duniani, vingi Asia na Afrika, na karibu 4 katika kila 10 ni watoto wa chini ya miaka 15. Kabla ya dalili, kinazuilika. Uamuzi wote, basi, unafanyika katika saa zile za mwanzo, mtu akiwa amesimama uani na mtoto analia na majirani wanapiga kelele. Ndiyo maana nimeziweka njia hizi ubavu kwa ubavu, ili anayesoma leo awe ameshachagua kabla siku hiyo haijafika.

Jeraha: maji na sabuni, au vile vinavyoletwa na majirani

Nianze na mshindi, halafu nieleze kwa nini anashinda.

Virusi vya kichaa cha mbwa hukaa kwenye mate. Jino likiingia, mate huingia nalo, na virusi hubaki pale kwenye nyama kwa muda kabla ya kupenya kwenye mishipa ya fahamu na kuanza safari ya kwenda kwenye ubongo. Kirusi hiki kimevaa utando wa mafuta. Sabuni huuvunja utando huo kama inavyokata mafuta ya sufuria ya pilau, na kirusi kisicho na utando hakina nguvu tena. Maji yanayotiririka nayo husukuma nje mate, mchanga na bakteria. Kwa hiyo kipande cha sabuni ya mche cha kufulia kinafanya kazi mbili ambazo hakuna kitu kingine pale gengeni kinachoweza kuzifanya pamoja.

Muda unaotajwa ni dakika 15. Hapo ndipo wengi tunakosea, na mimi nilikosea. Makopo mawili huisha ndani ya nusu dakika. Dakika 15 ni ndefu kuliko unavyodhani, na mtoto anayelia huzifanya ziwe ndefu zaidi. Weka saa ya simu, usikadirie kichwani. Ukiwa na bomba linalotoa, fungua uache lichuruzike juu ya jeraha. Siku ya mgao wa maji, ndoo ya lita 20 yenye koki, zile tulizozoea kunawia mikono langoni, ukiifungua kwa mchirizi mwembamba inaweza kufika dakika 15 bila kuisha. Maji ya kisima yenye chumvi, ambayo mitaa mingi ya Dar ndiyo tunayoyatumia, yanafaa pia. Tatizo lake ni kwamba sabuni haitoi povu vizuri, basi ongeza sabuni. Shimo la jino huwa jembamba na refu: elekeza maji yaingie ndani, lipanue taratibu kwa vidole safi, lakini usisugue kwa brashi wala dodoki, maana unachana nyama na kuyapeleka mate mbali zaidi.

Sasa waweke wengine pembeni yake.

Spiriti si adui. Inaua virusi inavyovigusa. Ila hubaki juu juu, haisukumi kitu nje ya shimo, na inachoma kiasi kwamba mtoto akishaonja mara moja hakupi tena mguu uoshe. Nafasi yake ni baada ya kuosha, wala si badala ya kuosha. Dawa ya iodini ni nzuri kuliko spiriti kwa nyama mbichi, na ndiyo ninayoweka kwenye sanduku la shule siku hizi.

Chumvi, ndimu na pilipili vinaumiza jeraha vikiliacha na mate yake. Maumivu hayo humfanya mtu aamini dawa inafanya kazi. Mafuta ya taa na petroli ni mabaya zaidi: yanaunguza ngozi na kidonda kinachelewa kupona. Jivu la manyoya ndilo linalonitia hofu kuliko yote, kwa sababu mbwa hujilamba, na mtu anayekwenda kumkamata mbwa yule ili amnyoe anaenda kuwa mgonjwa wa pili.

Nataka kusema jambo moja kwa heshima kwa bibi yule na wengine kama yeye. Hawasemi uongo wanaposema, "Mwanangu nilimpaka jivu na akapona." Mbwa wengi wanaong'ata watu hawana kichaa. Hata mwenye kichaa si kila jeraha lake huleta ugonjwa. Kwa hiyo wengi waliopakwa jivu walipona, na wangepona bila jivu, na sifa ikabaki kwa jivu. Yule mmoja ambaye hakupona alikufa baada ya miezi miwili au mitatu, wakati hakuna tena aliyeukumbuka mguu. Hivi ndivyo dawa isiyofanya kazi inavyopata jina zuri mtaani bila mtu yeyote kudanganya.

Na dereva wa bajaji? Alikuwa sahihi kuhusu hospitali na amekosea kuhusu maji. Kutoka Kinyerezi kwenda mjini jioni unaweza kukaa barabarani zaidi ya saa nzima, na muda huo wote mate yamo kwenye jeraha. Osha kwanza dakika 15, ndipo upande bajaji. Sababu pekee ya kutoanza na maji ni damu inayoruka. Hapo kandamiza kwa kitambaa safi hadi itulie, halafu uoshe. Mate yakiruka machoni au mdomoni, suuza kwa maji mengi matupu, bila sabuni.

Kufunga au kuacha wazi

Hapa sitakaa sana. Funika kwa shashi safi au kitambaa safi, kilegee. Usifunge kwa nguvu nilivyofanya mimi na ile kanga, wala usikubali jeraha la meno lishonwe haraka haraka ili lipendeze. Likishonwa mapema, uchafu unafungiwa ndani. Kwa majeraha makubwa, hasa ya usoni, daktari anaweza kuamua kushona, lakini huo ni uamuzi wake baada ya kuosha na kutoa kinga, na mara nyingi huacha nafasi ya uchafu kutoka nje.

Nani amekung'ata?

Tunasema "mnyama" kana kwamba wote ni mamoja. Hofu ya kwanza hubadilika kulingana na meno.

| Aliyeuma | Hofu kubwa | Chanjo ya kichaa cha mbwa |
|---|---|---|
| Mbwa | Kichaa, nyama kuchanika | Ndiyo, anza. Inaweza kusimamishwa mbwa akibaki mzima siku 10 |
| Paka | Usaha wa ndani, kichaa pia | Ndiyo, kama mbwa |
| Tumbili | Kichaa, jeraha la kina | Ndiyo |
| Popo | Kichaa, hata alama ikiwa ndogo | Ndiyo, bila kusubiri |
| Panya | Homa ya bakteria, pepopunda | Kwa kawaida hapana. Daktari aamue |
| Binadamu | Usaha, homa ya ini aina ya B | Kwa kawaida hapana |
| Nyoka, kenge, ndege | Sumu kwa nyoka. Uchafu kwa wengine | Hapana, hawabebi ugonjwa huu |

Paka anastahili maneno zaidi kwa sababu tunamdharau. Jino la mbwa huchana, unaliona, unaogopa. Jino la paka ni kama sindano: linaingia, linaacha kitone chekundu, ngozi inajifunga juu yake, nawe unaendelea kukaanga samaki. Kesho yake mkono umevimba. Bakteria wa mdomoni mwa paka wamezikwa ndani kabisa, mara nyingi kwenye kiungo cha kidole. Kwa maambukizi ya usaha, paka ni hatari kuliko mbwa. Aliyeumwa mkononi na paka aende hospitali siku hiyo hiyo hata kama haumii, na asijitibu kwa vidonge vya kuhesabiwa dukani. Dawa ambayo madaktari huanza nayo kwa majeraha ya meno ni amoksisilini iliyochanganywa na asidi klavulaniki, kwa dozi kamili.

Panya nao tunawajua. Wahenga walisema panya hung'ata huku akipuliza, na kweli mtoto huamka asubuhi kidole cha mguu kimeliwa bila kulia usiku. Osha vile vile, angalia kama chanjo ya pepopunda bado ina nguvu, na mtoto akipata homa, upele au maumivu ya viungo katika wiki zinazofuata mwambie daktari kuhusu panya yule. Watu husahau kumtaja.

Tumbili wa Mlimani, pale Chuo Kikuu, wamezoea watu na hunyang'anya vyakula mikononi. Akikwaruza na damu ikatoka, mhesabu kama mbwa. Popo akikugusa kwa meno au kucha usitafute shimo ndiyo uamini: meno yake ni madogo mno.

Kuna pia suala la ukubwa wa kilichotokea, mbali na nani aliyefanya. Shirika la Afya Duniani limegawa katika makundi matatu, na ni vizuri kuyajua ili usitumie nauli bure wala usibaki nyumbani kimakosa. Mnyama akikulamba kwenye ngozi nzima isiyo na mchubuko, nawa tu. Akikuchubua kidogo bila damu, chanjo inahitajika. Akitoboa ngozi, au mate yakaingia kwenye kidonda, macho au mdomo, au akiwa popo, basi ni chanjo pamoja na imunoglobulini, ambayo nitaieleza chini.

Kumchunga mbwa siku 10, au kuanza sindano leo

Huu ndio uchaguzi unaogombanisha familia. Mwenye mbwa anasema, "Mbwa wangu ana cheti cha chanjo, msubiri." Baba anasema, "Tumuue huyo mbwa." Mama anataka sindano sasa hivi. Kila mmoja ana kipande cha ukweli mkononi.

Siku 10 hazikutoka hewani. Mbwa mwenye kichaa huanza kutoa virusi kwenye mate siku chache tu kabla hajaonekana mgonjwa, na akishaugua hufa haraka. Kwa hiyo mbwa au paka aliyeng'ata na akabaki mzima, anakula na kunywa hadi siku ya 10, hakuwa na virusi kwenye mate siku ile. Kanuni hii ni ya mbwa na paka. Usiitumie kwa tumbili wala popo.

Kosa ni kulifanya hili liwe "au". Unaanza chanjo leo, na mbwa anachungwa kuanzia leo. Siku ya 10 ikifika mzima, daktari anaweza kusimamisha sindano zilizobaki. Ukisubiri kwanza halafu mbwa akatoroka siku ya 6, umepoteza vyote viwili. Cheti cha mbwa kinapunguza wasiwasi na kinastahili kuonyeshwa daktari, lakini hakibadilishi kuosha wala kuchunga.

Na tafadhali, msimuue. Najua hasira ya mtaa, nimeiona. Mbwa aliyepigwa mawe hadi kufa hawezi kukuambia lolote siku ya 10. Kama ameshakufa, usimtupe jalalani wala kumzika haraka. Piga simu kwa ofisa mifugo wa kata. Ugonjwa huu huthibitishwa kwa kupima ubongo wa mnyama, na Dar tuna bahati kwamba maabara kuu ya mifugo iko hapa hapa, Temeke Veterinari. Usimguse kwa mikono mitupu.

Kwa mbwa wetu wa Kinyerezi nilikwenda mwenyewe nyumba ya kona. "Shikamoo mzee," nikamwambia, "sikuja kugombana, naomba umfunge mbwa siku 10 na uniruhusu nije kumwona." Alikubali. Ningeanza kwa mjumbe na matusi, nadhani mbwa angehamishiwa shamba usiku ule.

Usitegemee pia kumtambua mbwa mwenye kichaa kwa povu mdomoni. Wapo wanaokimbia na kung'ata kila kitu, na wapo wa kichaa cha kimya: amejikunja, taya limelegea, anaonekana kama amekwamwa na mfupa, na mwenyewe anaingiza mkono amtoe mfupa. Mbwa wa mtaani asiye na mwenyewe, aliyeng'ata bila kuchokozwa na akapotea zake, mhesabu kuwa mgonjwa.

Kwa aliyeumwa wiki mbili au mwezi uliopita na hakufanya lolote: nenda leo. Dalili kwa kawaida huchukua miezi 2 hadi 3, ingawa zinaweza kuja ndani ya wiki au kuchelewa hadi mwaka. Jeraha la kichwani au usoni huwa na njia fupi ya kufika kwenye ubongo, na watoto kwa urefu wao ndio wanaong'atwa huko.

Famasi, zahanati au hospitali

Famasi ni pazuri kwa iodini, shashi na sabuni. Si mahali pa kununua kichupa cha chanjo ukiweke kwenye mkoba utafute wa kukuchoma. Chanjo hii inatakiwa ikae kwenye nyuzijoto 2 hadi 8 muda wote, na joto la daladala la Februari litaimaliza kabla hujafika Ubungo.

Zahanati ya jirani ina faida ya ukaribu: wataosha tena vizuri, watatoa sindano ya pepopunda na kuandika rufaa. Hatari yake ni ile niliyokutana nayo, kwamba ukishapata sindano ya pepopunda unadhani umepata ya kichaa cha mbwa. Ni sindano mbili tofauti kwa magonjwa mawili tofauti. Uliza waziwazi: "Hii ni ya pepopunda au ya kichaa cha mbwa?" Wala usione aibu.

Hospitali kubwa, kama za rufaa za Amana, Temeke na Mwananyamala, au Muhimbili, ndiko kwenye nafasi kubwa ya kupata chanjo na daktari wa kuamua kuhusu imunoglobulini. Foleni ni ndefu. Sema mapema mapokezi kwamba ni jeraha la mnyama, na wakati gani limetokea.

Imunoglobulini ni kinga iliyokwisha kutengenezwa, inayochomwa ndani na kuzunguka jeraha lenyewe siku ya kwanza. Chanjo inaufundisha mwili kutengeneza kinga yake, na somo hilo huchukua siku kadhaa; imunoglobulini inalinda mlango wakati mwili unajifunza. Ni adimu katika nchi nyingi za Afrika. Ikikosekana, usiahirishe chanjo kwa kuisubiri: kuosha vizuri na kuanza chanjo mara moja bado kunaokoa watu. Ikipatikana baadaye, inaweza kutolewa hadi siku ya 7 tangu sindano ya kwanza ya chanjo.

Sindano za msuli au za ngozi

Kwanza tuondoe hofu ya zamani. Bado nasikia Tandika na Mbagala watu wakisema "sindano 21 za kitovuni". Hizo zilikuwa za chanjo ya zamani. Chanjo ya leo inachomwa begani, au pajani kwa mtoto mdogo, na haichomwi kabisa makalioni kwa sababu pale haifanyi kazi vizuri. Mjamzito, anayenyonyesha na mtoto mchanga wote wanaweza kuchomwa. Mama asibaki nyumbani kwa kuogopea tumbo.

Katika mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2018 kuna njia kuu mbili. Ya msuli: sindano moja siku ya 0 (yaani siku ya sindano ya kwanza), ya 3, ya 7, na ya nne kati ya siku ya 14 na ya 28. Ya ngozi: vitone viwili vya mililita 0.1, kimoja kila mkono, siku ya 0, ya 3 na ya 7, basi.

Kwa kinga, zote zinafanya kazi. Tofauti iko kwenye mfuko na kalenda. Ya ngozi inakumaliza ndani ya wiki moja kwa safari tatu, na inatumia dawa kidogo sana, hivyo kichupa kimoja kinagawanywa kwa wagonjwa kadhaa. Lakini kichupa kikifunguliwa lazima kiishe siku hiyo hiyo ndani ya saa chache, kwa hiyo inafaa hospitali yenye wagonjwa wengi na muuguzi anayejua kuchoma juu juu ya ngozi. Ya msuli ni rahisi kuchoma popote, ila inakula vichupa vingi na safari ya nne ndiyo watu huitoroka: kidonda kimepona, nauli imeisha, mtoto ana mitihani. Kama ningepewa kuchagua kwa familia inayokaa Chanika na kutegemea daladala mbili, ningechagua ya ngozi. Mara nyingi hutapewa kuchagua. Chukua iliyopo, omba kadi yenye tarehe zote, na uibandike mlangoni. Aliyewahi kupata chanjo kamili siku za nyuma asifiche, kwa maana yeye huhitaji sindano chache tu na hahitaji imunoglobulini.

Nyoka: hapa karibu kila kitu hugeuka

Niliwafundisha wanafunzi wangu kuhusu mbwa hadi wakaiva. Halafu msimu wa masika mmoja mlinzi wa shule aligongwa na nyoka kwenye nyasi za uwanja, na mwanafunzi hodari kuliko wote akaanza kumkimbiza kwenda bombani. Kosa lilikuwa langu, sikuwa nimewaeleza tofauti.

Mbwa akikung'ata, dawa ya kwanza ni kushughulika na jeraha. Nyoka akikugonga, jeraha liache. Dawa ya kwanza ni kutulia. Sumu husambaa kwa mwendo wa misuli. Aliyeumwa akae chini au alale hapo hapo, mbali na nyoka. Vua pete, saa, bangili na viatu kabla havijabanwa na uvimbe. Funga mguu au mkono kwenye ubao au fimbo mbili, kama mfupa uliovunjika, usichezecheze. Asitembee hata kama anasema anaweza. Gari au bajaji akiwa amelala ni bora. Ikibidi bodaboda, apakiwe mshikaki, mgonjwa katikati na msaidizi nyuma akimshikilia. Akitapika au kulegea, mlaze ubavu wa kushoto.

Mizani ya dawa za mtaani kwa nyoka ni hii: kamba ya kubana juu ya jeraha huua mguu ambao sumu pengine isingeuua. Kuchanja kwa wembe huleta damu isiyokatika, kwa kuwa sumu za baadhi ya nyoka huzuia damu kuganda. Kunyonya hakutoi kitu. Jiwe jeusi la nyoka, ambalo watu wengi wanalo kabatini na kulitunza kama dhahabu, hunata kwa sababu linavuta unyevu, sumu hailifuati. Na kama kwa jivu la manyoya, nyoka wengi wanaouma hawana sumu, na hata wenye sumu mara nyingine huuma bila kuitoa, basi jiwe likapata sifa. Kwa maumivu toa parasetamoli, wala si aspirini.

Kifutu huleta uvimbe mkubwa na kuoza kwa nyama. Koboko hulegeza misuli hadi ya kupumulia, na huko dakika zina bei. Huna haja ya kumjua nyoka ili uanze safari. Usimfukuze, usimbebe mfukoni, hata aliyekufa anaweza kuuma. Dawa ya sumu hutolewa hospitalini kwa dripu na uangalizi, kwani inaweza kuuletea mwili mzio mkali. Si ya kuwekwa nyumbani.

Swila anayetema ndiye anayekurudisha bombani. Sumu ikiingia machoni, mwaga maji mengi mara moja, kope zikiwa wazi, kwa muda mrefu, usisugue, kisha nenda hospitali. Aliyeteseka na sumu ya macho hawezi kukusubiri utafute maziwa.

Mlinzi wetu alipona. Alibebwa kwenye ubao wa kuandikia wa darasa la nne, ule mdogo wa zamani, watu wanne wakishika pembe.

Baada ya hapo nilipanga upya vitu vya shule. Chini ya mwembe kuna ndoo ya lita 20 yenye koki, na nusu mche wa sabuni umefungwa kwa kamba ili usiende kufulia. Kwenye sanduku kuna iodini, shashi, vipande viwili vya ubao na kanga ya zamani iliyochanwa vipande vya kufungia. Kwenye kifuniko, kwa ndani, kuna karatasi ya hospitali tatu na majibu ya maswali matatu ninayowauliza kwa simu mwanzo wa kila muhula: chanjo ya kichaa cha mbwa ipo, imunoglobulini ipo, dawa ya sumu ya nyoka ipo? Majibu hubadilika, ndiyo maana naandika kwa penseli. Ndoo hujazwa kila asubuhi na watoto wa zamu, kabla ya kengele ya mstarini.